Uzi wa Rangi Kwenye Pindo la Gauni

Ukichukua gauni la mtumba kutoka kwenye turubai la mnadani, katika kijiji chochote cha Mkoa wa Singida, kisha ukapindua pindo na kulitazama kwa ndani, huenda ukakuta mshono mdogo usiofanana na gauni lenyewe. Ni nukta tatu za uzi wa kijani, au wa manjano, zilizopigwa kwa sindano ya mkono. Mnunuzi hauoni. Muuzaji anaufahamu. Aliyeupiga yuko mjini Singida, anasubiri jioni ifike.

Uzi huo umenisumbua kwa sababu unajibu swali ambalo vijana wengi wanauliza: mtu asiye na kitu aanzeje biashara ya nguo? Majibu ya semina tunayajua. Undeni kikundi, andikeni mchanganuo, nendeni halmashauri, nendeni benki. Majibu hayo yana watu wake. Lakini wanawake niliowakuta mnadani wakikunja magauni yao jua likizama hawakupita huko hata mmoja. Walipewa nguo kwanza, fedha ikafuata.

Mwenye uzi ni mama wa makamo anayeuza mitumba karibu na Soko Kuu la Singida mjini. Ameomba nisimtaje jina, na nimemkubalia, maana biashara yake imesimama juu ya majina ya watu wengine na hataki lake litangulie. Anafungua belo la nguo, anazigawa kwa mali kauli, yaani mtu achukue kwa ahadi ya mdomo, auze, ndipo alipe, kisha anasubiri hesabu.

Kugawa kwenyewe ni kazi ya siku nzima. Belo likikatwa kamba, wa kwanza kukaribishwa ni wanaokuja kupointi, yaani kuchagua nguo wenyewe, wenye fedha taslimu mkononi, kwa kuwa hao ndio wanaorudisha gharama ya belo na nauli ya mzigo kwenye basi kutoka Dar es Salaam. Wakishaondoka na nguo zao za kuchagua, yeye huketi kwenye kigoda na kuanza kupitia zilizobaki, moja moja. Anashika makwapa. Anavuta zipu juu na chini. Anahesabu vifungo. Analiinua gauni kwenye mwanga wa mlango kutafuta tundu la nondo. Kasoro yoyote anayoiona anaiandika, ili nguo itakaporudi kusiwe na maneno. Kisha anatunga uzi. Wiki hii kijani, wiki ijayo manjano, inayofuata bluu. Gauni likirudi bila uzi, si lake. Likirudi na uzi wa mwezi uliopita, aliyelileta ana maelezo ya kutoa.

Alianza kupiga uzi baada ya binti mmoja kumrudishia gauni lililofubaa badala ya lile zuri alilomkabidhi. Hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba kuanzia siku ile nguo zitakuwa na alama, na akampa nyingine. Namuuliza kwa nini aliendelea naye. Anasema ukiamua kumwamini mtu, usimwache peke yake na kishawishi. Msaidie awe mwaminifu. Binti yule, anaongeza, bado anachukua nguo kwake mpaka leo.

Mtu mpya hapewi zaidi ya nguo kumi. Na hizo kumi hazichotwi ovyo. Tatu ni nzuri kweli, tano ni za kati, mbili ni za kusukuma. Mama huyu ana sababu ya kila fungu. Ukimpa mgeni mabaki matupu, ataanika siku nzima asiulizwe bei, na kesho hatarudi kwa aibu. Ukimpa nzuri tupu, zitaisha kabla ya saa nne asubuhi naye atadhani biashara ni rahisi. Zile tatu ndizo zinazomsimamisha mteja. Akishasimama, za kati zinapata nafasi. Zile mbili zinamfundisha kuongea.

Halafu kuna daftari. Ni kaunta buku lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Safu ya kwanza ni ya mchukuaji, na humo majina ya kwenye vitambulisho ni machache. Kuna yule wa Ilongero, mwenye baiskeli, shemeji wa Mandewa, binti wa muuza kuku. Safu ya pili ni idadi na aina, ya tatu bei ya kauli, ya nne zilizorudi, ya tano zilizolipwa, kukiwa na neno “simu” pale fedha ilipoingia kwa muamala. Safu ya sita ndiyo niliyoikodolea macho: ameiandika “sababu”. Hapo, mbele ya deni lililochelewa, limeandikwa neno moja moja. Msiba. Mtoto mgonjwa. Mvua. Mnada haukujaa. Mstari mmoja safu hiyo ni tupu, na ukurasa wake umekunjwa pembe. Huyo, anasema, hajaja wala hajapiga simu. Deni lenye sababu analisubiri hata miezi miwili. Lisilo na sababu ndilo linalomnyima usingizi.

Yeye mwenyewe alianza hivyo hivyo, kwa sketi nane alizokabidhiwa na mama mwingine aliyekuwa akiuza sokoni. Hakuwa na mtaji hata wa kununua turubai, alitandika kanga. Faida ya sketi zile alianza kuipeleka kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, hisa kila wiki, mpaka akaweza kukopa. Mkopo huo wa kikoba ulitosha nusu ya belo, akamtafuta mwenzake wa nusu nyingine, wakalifungua wawili na kugawana kipande kwa kipande kwa kupokezana kuchagua. Belo lake la kwanza kulimiliki peke yake lilikuja baadaye sana. Ananitajia mpangilio huo kama mtu anayetaja madarasa aliyosoma: nguo za watu, hisa, nusu ya belo, belo zima. Anaamini anayeruka darasa hurudishwa.

Wasomaji wanajua jinsi mitumba ilivyofika hapa. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ndiyo imewavika wengi wetu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuachana nayo ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa upendeleo wa kuuza bidhaa kwenye soko lake chini ya mpango wa AGOA, na Tanzania ikalegeza kamba. Vikoba navyo vina historia yake: mfumo wa akina mama kuweka na kukopeshana kwenye sanduku la kufuli tatu ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika kwetu miaka ya 2000. Na ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho chote cha kusubiri, daftari lile la mistari myekundu halikufungwa hata siku moja.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, nayo haikufungwa. Mama huyu anaiogopa kuliko moto, na anaeleza woga wake kwa hesabu. Tuchukue mfano wa namna anavyopiga. Mtu amekopa shilingi 50,000, arudishe 65,000 ndani ya mwezi. Ananunua magauni kumi kwa 5,000 kila moja. Anauza saba kwa 8,000, anapata 56,000. Bado anadaiwa 9,000 na ana magauni matatu ambayo hakuna aliyeyataka. Mwenzake amechukua magauni kumi yale yale kwa mali kauli, bei ya kauli 6,000. Ameuza saba kwa bei ile ile. Analipa 42,000, anarudisha matatu, anabaki na 14,000 kabla ya nauli na ushuru wa mnada. Wa kwanza ana deni. Wa pili ana chakula cha watoto na hisa ya kikoba. Gauni lisilouzika, anasema mama, hurudi lilikotoka. Fedha isiyozaa haikubali kurudishwa pungufu.

Hesabu hiyo ilinivutia, lakini ina upande ambao siwezi kuunyamazia. Kati ya 5,000 ya taslimu na 6,000 ya kauli kuna shilingi elfu moja. Katika magauni saba hiyo ni 7,000 juu ya mali ya 35,000, yaani asilimia 20, na mara nyingi ndani ya wiki moja tu. Kanuni za Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ziliwawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Nilimuuliza mama huyu bila kuzunguka: je, yeye si mkopeshaji ghali kuliko hao anaowaogopa?

Hakukasirika. Alifungua daftari kwenye kurasa za nyuma, zile za nguo ambazo hazikurudi kabisa. Alinionyesha magauni yaliyonyeshewa mnadani yakachuja rangi, akayapokea hivyo hivyo. Alinionyesha waliohama mkoa. Ile elfu moja, alisema, ndiyo inayolipa hizi. Akiiondoa, lazima aanze kudai dhamana, na anaowagawia hawana cha kuweka isipokuwa sufuria na kuku. Nimelitafakari jibu hilo na naona lina uzito. Hata hivyo mwaminifu anayelipa kila jioni anabeba hasara ya aliyetoroka, na hajui anabeba kiasi gani. Je, baada ya mwaka wa kulipa vizuri, bei yake isingeshuka ikaribie ile ya taslimu? Mama alisema huwapunguzia baadhi. Nilipouliza kwa kipimo gani, alisema anawajua.

Majira nayo yana sauti katika biashara hii. Kuanzia Mei alizeti inapovunwa, vijiji vya Iramba, Mkalama na Ikungi vinashika fedha, na mtu mmoja anaweza kuchukua nguo arobaini zisirudi hata tano. Januari hadi Machi, chakula kikiwa kimepungua ghalani na ada na sare za shule zimekomba akiba, nguo kumi hurudi tisa. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliposhuka na wakulima wa mkoa huu wakalalamika, malalamiko yale yalifika kwenye safu ya sababu. Mama huyu si mkulima, lakini mtaji wake unategemea shamba sawa na wa mkulima. Hakuna anayemuuliza habari za alizeti anapokwenda kuomba mkopo. Anaulizwa hati ya nyumba.

Yapo maswali ambayo sikupata wa kuyajibu. Soko la Karume jijini Dar es Salaam lilipoungua Januari 2022, tulihesabu vibanda na mali. Ni madaftari mangapi ya mali kauli yaliyoteketea humo, na ni wadaiwa wangapi wa mikoani waliolipa bila kuonyeshwa maandishi? Mama huyu akiugua kesho, nani ataweza kusoma majina kama mwenye baiskeli na shemeji wa Mandewa? Na benki inayotaka miezi sita ya mzunguko wa akaunti, kwa nini isikubali kusoma miaka ya mistari myekundu, yenye tarehe, idadi, marejesho na hata sababu za kuchelewa? Sijaona mchanganuo wa biashara wenye ukweli mwingi kiasi hicho.

Kwa maofisa wa maendeleo ya jamii katika halmashauri zetu, ombi langu ni moja. Mnapopokea maombi ya mikopo ya asilimia 10, mwulizeni mwombaji kama amewahi kuchukua mali kauli, alirudisha nini, na nani anaweza kuthibitisha. Ushahidi huo upo sokoni, hatua chache kutoka ofisini kwenu, na haugharimu kitu kuuomba.

Kwa kijana au mama anayesoma haya akiwa na shilingi chache na hamu ya kuuza nguo: usikimbilie kukopa fedha. Tafuta kwanza mtu wa kukukopesha nguo. Chukua chache, uliza bei ya kauli na bei ya taslimu kabla hujazibeba, ili ujue unalipa kiasi gani kwa kuaminiwa. Anika, uza, na siku hiyo hiyo jua likizama rudisha fedha yake na zilizobaki. Siku ukikwama, piga simu kabla hujaulizwa. Faida ya kwanza iende kwenye hisa kabla haijaenda kwenye kiatu. Na ukifika siku ya kufungua belo lako mwenyewe, tenga nguo kumi kwa ajili ya mtu ambaye hana kitu: tatu nzuri, tano za kati, mbili za kusukuma.