Tuchore Gia kwa Kompyuta



Mashine ya kukamua alizeti ikivunjika jino la gia, kazi husimama. Hapa kwetu Sola spea haipatikani dukani siku hiyo hiyo. Fundi wa karakana anaweza kuchonga gia nyingine, lakini atataka mchoro wenye vipimo, na vipimo hivyo tunaweza kuvipata kwenye gia iliyovunjika.

Tuchukue gia ya kawaida yenye meno yaliyonyooka. Hesabu meno yote, pamoja na lililovunjika. Kisha pima upana wake kwa milimita, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino linalolikabili. Gawa upana huo kwa idadi ya meno ukiongeza 2. Kwa mfano, meno ni 20 na upana ni 44: gawa 44 kwa 22, unapata 2. Namba hiyo huitwa moduli, nayo ndiyo ukubwa wa jino. Gia mbili zenye moduli tofauti haziwezi kuumana.

Sisi mwanzoni tulichora duara tukapachika pembetatu pembezoni. Mchoro ulipendeza! Tulipoukata kwenye kadibodi na kuuzungusha na mwenzake, meno yalikwama. Kumbe ubavu wa jino una mpindo wake. Zungushia kopo uzi, funga kalamu mwishoni, kisha ufungue uzi ukiwa umekazwa. Mstari utakaochorwa ndio mpindo huo. Kwa mpindo huo gia husukumana kwa mwendo ulio sawa, bila kushtuka.

Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alichora magurudumu ya meno bila kompyuta. Sisi tunayo Inkscape, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003. Ndani yake kuna kifaa cha kuchora gia. Andika meno 20, pembe ya msukumo nyuzi 20, na nafasi ya jino hadi jino milimita 6.28, yaani moduli mara 3.14. Mpindo itauchora yenyewe.

Chapisha bila kupunguza ukubwa, kisha pima karatasi kwa rula. Usipopata 44, printa imeubana mchoro. Mwisho laza gia ya zamani juu ya karatasi. Mbavu za meno zisipolingana, jaribu nyuzi 14.5, kwani gia nyingi za zamani zilichongwa hivyo.