Gome la homa, mzizi wa presha

Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu gome la mti wa merebi. Alilionja, akalikuta chungu, na uchungu ule ukamkumbusha gome la sinkona kutoka Peru, dawa ghali ya homa wakati huo. Akalikausha, akalisaga, akawapa wagonjwa wapatao 50. Hoja ilikuwa dhaifu, kwani mangapi ni machungu na hayatibu chochote! Lakini homa zilishuka. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alitenga salisini kutoka gome hilo, na mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akatengeneza kemikali ya jamii hiyo ambayo leo tunaijua kama Aspirin.

Je, mkulima wa Barumbu, jimboni Tshopo nchini Kongo, apande merebi? Asijisumbue. Merebi za dawa zinalimwa katika nchi zenye majira ya baridi, na kwa vyovyote Aspirin siku hizi hutengenezwa kiwandani kwa malighafi ya mafuta ya petroli, kwa bei ambayo gome haliwezi kuishindania. Sinkona nayo imelimwa Kongo, na kampuni ya Pharmakina ya Bukavu imetoa kwinini kwenye magome yake, ila huko ni milima ya Kivu. Kisangani, mji mkuu wa Tshopo, iko kwenye mita 400 hivi juu ya bahari, joto na mvua mwaka mzima. Sinkona hutaka ubaridi wa mlimani.

Mti wa Tshopo ni mwingine: Rauvolfia vomitoria. Huota wenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa yapumzike, ndege wakieneza mbegu zake. Ndugu yake ni msesewe, ambao Wachagga hutumia gome lake kutia uchungu mbege, pombe yao ya ndizi. Dawa ya Rauvolfia vomitoria imejaa zaidi kwenye gome la mizizi. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, walitenga reserpini kutoka kwa jamaa yake wa India, Rauvolfia serpentina. Mti wa Afrika unayo pia, ndiyo maana mizizi yake ikasafirishwa kutoka Kongo kwenda Ulaya.

Reserpini huzuia mishipa ya fahamu kuhifadhi kemikali inazotumia kupeleka amri. Akiba ikiisha, mishipa ya damu hulegea na presha hushuka. Bahati mbaya ubongo nao hutumia kemikali hizohizo, kwa hiyo baadhi ya waliopewa dozi kubwa walizama katika huzuni nzito. Anayechemsha mizizi katika chungu cha jikoni hana namna ya kupima dozi. Mzizi mmoja huwa na dawa nyingi, mwingine kidogo.

Kwenye uvunaji, merebi inaishinda Rauvolfia. Merebi hukatwa matawi ikachipua tena, lakini anayetaka gome la mizizi huung'oa mti mzima. Msitu ukichimbwa hivyo kila msimu, bidhaa huisha kabla ya bei kupanda.

Kwa hiyo wewe mwenye shamba lililopumzika, usifyeke miche ya Rauvolfia inayojiotea, wala usiichimbe kabla hujapata mnunuzi mwenye maabara ya kupima reserpini. Na mgonjwa wa presha asichemshiwe mizizi hiyo nyumbani.