Talaka Moja, Njia Mbili: Kichekesho cha Umaarufu

Celebrity ni filamu ya Marekani ya mwaka 1998, iliyoandikwa na kuongozwa na Woody Allen, inayowafuata mume na mke wa jijini New York baada ya kuachana. Mume ni Lee Simon, mwandishi wa habari mwenye riwaya mbili zilizopondwa na wahakiki. Mke ni Robin, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza. Wameishi pamoja miaka 16. Anayeivunja ndoa ni Lee: amehudhuria mkusanyiko wa watu aliosoma nao, akawaona walivyochakaa, akaingiwa na hofu kwamba umri unamtupa mkono kabla hajaonja maisha.

Lee anakimbilia kwa watu mashuhuri. Anajipenyeza kwao kwa kisingizio cha kuwahoji, kumbe mfukoni ana mswada wa filamu na anatafuta nyota wa kuubeba. Kila anayemgusa anamkokota kwa muda kisha anamwacha pale pale alipokuwa. Usiku mmoja anazunguka mjini na mwanamitindo, na usiku huo unaishia kwa gari lake kugonga kioo cha duka. Nyota kijana, aliyeigizwa na Leonardo DiCaprio, anakutwa akivuruga chumba cha hoteli. Lee anamfuata hadi kwenye kamari za Atlantic City akiombea dakika tano za kuzungumzia mswada, na dakika hizo hazipatikani. Pigo kubwa zaidi linatoka kwa Bonnie, mhariri wa vitabu aliyeamini kipaji chake. Siku Bonnie anahamishia vitu vyake kwa Lee, Lee anamwambia kuwa amempenda mwingine. Bonnie anaondoka na nakala pekee ya riwaya mpya ya Lee, anapanda boti, na kurasa zinapeperukia majini mwenye kazi akitazama.

Robin anaanza kwa machozi. Anatafuta faraja kwenye mafungo ya Kikatoliki, haipati. Anakwenda kwa daktari wa upasuaji wa urembo akiamini kasoro iko usoni mwake, na katika pitapita hiyo anakutana na Tony Gardella, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, mtu mpole anayempenda bila masharti. Tony anamtafutia kazi. Siku ya harusi yao Robin anatoroka, kwa kuwa hawezi kuamini kwamba heri kama hiyo ni yake. Baadaye anarudi, anaolewa, anapewa kipindi chake mwenyewe cha kuwahoji watu mashuhuri wakiwa mezani. Mwalimu aliyeachwa anakuwa uso unaotambulika barabarani, ilhali mume aliyeacha kila kitu ili atambulike anabaki nje ya uzio.

Katika pengo hilo ndimo tashtiti ya filamu inamokaa. Allen anaonyesha umaarufu unaogawiwa bila kuangalia stahili, bidii wala wema. Onyesho linaloeleza jambo hili vizuri zaidi ni lile la chumba cha kusubiria kwenye kituo cha televisheni: vijana wabaguzi wa rangi wenye vichwa vilivyonyolewa, rabi wa Kiyahudi na wageni wengine wa kila aina wamechanganyika, wanagawana vitafunwa, kila mmoja akingoja zamu yake mbele ya kamera. Televisheni haiwaulizi wanaamini nini. Inauliza kama watazamaji watakaa. Donald Trump, wakati huo mfanyabiashara wa majengo, anatokea kwa muda mfupi akiwa yeye mwenyewe, akieleza kuwa ananuia kulinunua na kulibomoa kanisa kuu la St. Patrick ili ajenge ghorofa. Watazamaji wa 1998 walicheka kama wanavyocheka mzaha wowote. Miaka 18 baadaye mtu huyo alichaguliwa kuwa rais, na onyesho lile leo linatazamwa kwa hisia nyingine kabisa.

Filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na mpigapicha wa Sweden, Sven Nykvist, aliyejijengea jina kwa kazi zake na Ingmar Bergman. Ilifungua Tamasha la Filamu la New York mwaka 1998, lakini sokoni haikufua dafu: iligharimu takriban dola milioni 12 na kuingiza kama milioni 5 tu nchini Marekani. Wahakiki wengi walilalamika kwamba Kenneth Branagh, aliyeigiza Lee, alimwiga Allen hadi kigugumizi chake. Lawama hiyo ni ya haki. Judy Davis, aliyemwigiza Robin, ndiye anayeibeba filamu. Woga wake, haya zake na furaha yake ya ghafla vinaaminika kila hatua.

Kuchokonoa umaarufu kwa kicheko si jambo geni kwa mtazamaji wa Kiswahili. Mchekeshaji Hussein Mkiety, aliyejulikana kama Sharo Milionea, alijenga uhusika mzima juu ya kijana asiye na kitu anayetembea, kuvaa na kuzungumza kama tajiri mwenye jina kubwa. Alifariki kwa ajali ya gari mkoani Tanga mwezi Novemba 2012, akiwa kijana bado, na kazi yake inabaki kuwa picha halisi ya kizazi kilichoona majina makubwa ya Bongo Fleva yakizaliwa na kutaka sehemu yake. Kundi la Ze Comedy, ambalo baadaye lilihamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, liliwaiga wanamuziki na wanasiasa hadi waigwaji wakawa wanajulikana pia kwa namna walivyoigwa. Naye mchekeshaji Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 8, 2018, alimzoeza mtazamaji yule mzee mwenye tamaa anayejidai kijana mbele ya wasichana. Huyo ni ndugu wa damu wa Lee Simon, ila Majuto alimchora kwa mikato michache na bila kumwonea huruma.

Uzito wa umaarufu wenyewe Tanzania iliuona Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki. Umati uliojaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, siku ya kumuaga ulionyesha kwamba mwigizaji wa filamu za video alikuwa amefika mahali ambapo wanasiasa wengi hawafiki. Filamu zake zilikuwa zimesafiri kwa kanda na DVD hadi miji iliyo mbali sana na Dar es Salaam, na huko zilikutana na filamu za nje zilizotafsiriwa kwa mdomo na watu kama Derek Mukandala, maarufu Lufufu, ambaye sauti yake ilipanda juu ya sauti za waigizaji na kuwafanya wazungu waongee Kiswahili cha mtaani.

Mji mmojawapo ulio mbali hivyo ni Mpanda, mwisho wa tawi la reli linalochepuka Kaliua, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Makanyagio ni kata ya Manispaa ya Mpanda. Kisa cha Lee na Robin kikihamishiwa hapo, kinabadilika mara moja, kwa sababu sheria ya Tanzania haimruhusu mtu kuivunja ndoa kwa uamuzi wake tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hapo ndipo mahakama, ikiwemo Mahakama ya Mwanzo, inaweza kupokea ombi la talaka. Mahakama nayo lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika. Hofu ya kuzeeka aliyoipata Lee kwenye mkusanyiko wa wanafunzi wenzake isingetosha mbele ya mahakama.

Halafu kuna mali. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa amekwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia ovyo. Lakini msingi uliowekwa kwa jina lake umewafaa wanawake wengi waliokuja baada yake. Allen haonyeshi hata mara moja nani alibaki na nyumba, wala katika kisa chake hakuna mtoto anayegombewa. Kwa mtazamaji wa Tanzania huo ni upungufu mkubwa, maana maisha ya baada ya talaka huanzia hapo: kodi ya chumba, ada ya shule, matunzo ambayo baba anaahidi mbele ya hakimu na kuyasahau mwezi wa tatu.

Umaarufu nao una sura nyingine katika mji kama Mpanda. Mwanamke aliyeachika Makanyagio hahitaji televisheni ili ajulikane. Mtaa mzima unajua kabla hajafungua mdomo: sokoni, kanisani, msikitini, kwenye vikoba. Ni umaarufu asioutafuta na asioweza kuukataa, na mara nyingi unamwandama yeye kuliko mwanamume aliyevunja ndoa. Robin alipata jina jipya lililofunika lile la mke aliyeachwa. Mwenzake wa Makanyagio analazimika kulijenga jina hilo mwenyewe, kwa genge, kwa cherehani, siku hizi hata kwa vipande vifupi vya video anavyojirekodi kwa simu.

Waandishi wa filamu za Kiswahili wana malighafi hapa ambayo Allen hakuwa nayo. Talaka katika filamu nyingi za nyumbani hutumika kama adhabu au kama mwisho wa kisa. Mhusika huondoka na begi lake na mtazamaji hamwoni tena. Kicheko chenye akili kingeanzia kwenye lile begi. Anayetaka kuiandika filamu hiyo aende akasikilize Baraza la Usuluhishi wa Ndoa linavyosuluhisha, kisha aufuate mwaka mzima wa yule aliyetoka pale na hati mkononi.