Kizazi Kinapokosa Hewa (2): Kondo la Nyuma na Kifafa cha Mimba

Wiki iliyopita tulieleza namna damu inavyosafirisha oksijeni. Leo tuangalie pale ambapo upungufu wake humwumiza mjamzito zaidi: kwenye kondo la nyuma.

Mama anayepanda kilima cha Kiseke huku akihema asiilaumu hewa ya Mwanza. Jiji hili liko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa yake inatosha. Mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa, lakini kondo likawa na njaa ya oksijeni.

Mimba ikishatunga, mishipa midogo ya mji wa mimba hutakiwa kutanuka ili damu ipite kwa wingi. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki ipasavyo. Chembe za kondo huitikia kwa protini iitwayo HIF. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kugundua jinsi chembe zinavyohisi oksijeni, na protini hiyo ndiyo kiini cha ugunduzi wao. Katika wiki za mwanzo oksijeni kidogo ni jambo la kawaida, na HIF husaidia kondo kukua. Uhaba ukiendelea, kondo humwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazodhuru mishipa yake mwili mzima. Ndipo, baada ya wiki ya 20, presha hufika 140 kwa 90 au zaidi, protini huonekana kwenye mkojo, kichwa huuma, macho huona ukungu. Asipotibiwa, degedege huweza kufuata: hicho ndicho kifafa cha mimba.

Kanda ya Ziwa ina mzigo wa ziada: malaria, minyoo, kichocho na selimundu hupunguza damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Damu pungufu hubeba oksijeni pungufu, hata mishipa ikiwa mizuri.

Kwa hiyo wahi kliniki mapema. Muuguzi akishakutoboa kidole, soma kadi yako: wingi wa damu chini ya 11 unahitaji tiba. Vidonge vya kuongeza damu usivimeze kwa chai, kwani huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba amweleze daktari mapema. Shirika la Afya Duniani hushauri walio hatarini waanzishiwe aspirini ya miligramu 75 kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie dukani.

Wiki ijayo: endometriosisi, na jinsi HIF hiyohiyo inavyoulisha ugonjwa huo.