Liru na Wati: Milima Yenye Wenyewe

Askari auonapo mlima, kwanza hujiuliza: ni nani aliye juu yake? Kazini swali hilo ni la haki. Lakini Nile Magharibi ina milima miwili inayotaka swali la pili: ni akina nani wakaao chini yake, nao huutazamaje?

Wa kwanza ni Liru, ulioko Koboko, kiasi cha kilomita 55 kaskazini ya Arua, si mbali na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Wa pili ni Wati, katika Terego, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2020. Si milima mirefu. Aliyepata kuiona Ruwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, ataiita vilima. Hata hivyo, mapokeo ya Walugbara yasimulia kwamba mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio waliowazaa waasisi wa koo zao. Jaki alifia Liru, na Dribidu akafia Wati. Basi apandaye huko akanyaga makaburi ya mababu.

Ndugu askari, ukipata siku ya mapumziko, nenda ukatembee, lakini nenda kama mgeni. Piga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, uombe mwenyeji wa kukuongoza. Njia za huko ni vijia vya wachungaji na vya akina mama waokotao kuni. Ramani haivionyeshi vyote. Anza alfajiri, kabla mawe hayajashika moto, na uchukue maji ya kutosha. Majira ya mvua, uonapo wingu jeusi likikusanyika, shuka upesi, kwani radi hupenda miamba iliyo wazi.

Njiani itazame miti. Mti wa shea, ambao kokwa zake hutoa mafuta ya kupikia na ya kujipaka, hukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vyema. Shoka huuangusha kwa muda mfupi tu, nao ukawa gunia la makaa. Mti wa beyo nao huwindwa kwa ajili ya mbao zake ngumu. Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitia sahihi Amri Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda.

Amri hiyo hupita mikononi mwetu. Lori la makaa lisimamapo kizuizini usiku, hakuna mzee wa ukoo aliye karibu kushuhudia. Yupo askari peke yake na dhamiri yake. Aliyepata kupumzika kivulini mlimani, akaonyeshwa na mwenyeji mahali pa mababu, hatahitaji kukumbushwa lori lile limebeba nini.

Mlima haukimbii wala haupigi kelele. Ulinzi wake ni sisi.