Korokoroni Aliyewachekesha Watu Miaka 13

Fikiri mtu anayetoka nyumbani kwake asubuhi amevaa suti na tai, viatu vinang'aa, na majirani wanamwamkia kwa heshima kama mkubwa wa ofisi. Afikapo kazini huivua ile suti, akavaa sare ya korokoroni na kwenda kusimama langoni. Jioni huvaa suti tena, akarudi kwa mkewe, naye mke haoni lolote. Hicho ndicho kisa cha "Papa Shirandula", mchezo wa kuchekesha ulioonyeshwa katika televisheni ya Citizen ya Nairobi tangu mwaka 2007 hata mwaka 2020.

Sisi wa Songea mambo ya televisheni yalitufikia kwa kuchelewa. Zanzibar walianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Hata vituo vilipokuja, mji wetu uliendelea kutegemea majenereta ya dizeli mpaka njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018. Mara ngapi umeme ulikatika watu wakiwa katikati ya kicheko! Kwa hiyo wengi hapa Mfaranyaki na Bombambili walimjua Papa Shirandula kwa vipande vifupi katika simu. Walimwona mtu mnene mwenye Kiswahili cha lafudhi ya Kiluhya, wakacheka, wakapita.

Lakini mtu huyo hakuwa mchezaji tu. Jina lake ni Charles Bukeko, aliyezaliwa mwaka 1962, mwenyeji wa Busia, kule mpakani mwa Kenya na Uganda. Alianzia katika michezo ya jukwaani, na watu wa nchi nyingi za Afrika walimwona katika tangazo moja la soda ya Coca-Cola. "Papa Shirandula" aliubuni mwenyewe, akauongoza na kuutayarisha, kisha akavaa sare na kucheza.

Labda utauliza, kutayarisha ni kazi gani? Hiyo ndiyo kazi isiyoonekana. Mwandishi huandika maneno, mchezaji huyasema, fundi wa kamera hupiga picha, fundi mwingine huzikata na kuziunganisha. Mtayarishaji ndiye anayepaswa kuona kwamba hawa wote wamefika mahali pamoja kwa saa moja, wamekula, wamelipwa, na kwamba nyumba ya kuchezea imepatikana na sare imefuliwa. Mchezaji akiugua, yeye ndiye wa kubadili hadithi usiku ule ule. Wakubwa wa kituo wakisema fedha hazitoshi, yeye ndiye wa kukata maonyesho bila mtazamaji kutambua. Mwalimu aliyewahi kutayarisha mchezo wa sikukuu ya shule anajua jasho lake, na ule ni mchezo wa siku moja tu. Jipigie hesabu mwenyewe: mchezo wa kila juma kwa miaka 13 ni majuma 676. Toa majuma ya mapumziko na ya marudio, bado zitabaki hadithi mamia, na kila moja yataka kichekesho kipya.

Siri ya kudumu hivyo, kwa maoni yangu, imo katika ule uongo wa suti. Kichekesho cha mara moja ni rahisi: mtu ateleze kwenye tope, watu wacheke, basi. Mchezo wa miaka mingi unahitaji jambo lililofichwa ambalo kila juma linakaribia kufichuka na halifichuki. Mgeni kutoka kijijini anakuja mjini, je, atapita langoni? Mke anataka fedha za kumfaa mke wa mkubwa. Zitatoka wapi katika mshahara wa mlinzi? Uongo mmoja unazaa mwingine, na mtazamaji anajua yote wakati mke hajui. Tena twacheka kwa sababu jambo lenyewe halichekeshi. Tunawafundisha watoto kwamba kazi yoyote ya halali ina heshima, lakini wangapi kati yetu hutaja kwa sauti kwamba mkwe wetu ni korokoroni? Bukeko hakuhubiri. Alivaa suti, akaivua, akaivaa tena.

Liko jingine la kutazama. Mchezo ulianza mwaka 2007, na ilipofika Desemba ya mwaka huo Wakenya walipiga kura, kisha ghasia zikafuata na watu zaidi ya 1,000 wakauawa, wengi wao kwa sababu ya kabila lao. Na katika mchezo huu Mluhya, Mjaluo na Mkikuyu walikutana kazini na nyumbani, kila mmoja na lafudhi yake, wakitaniana bila kushikana mashati. Otoyo, ambaye kila mtu alimdhania Mjaluo kwa jinsi anavyosema, jina lake halisi ni Kazungu Matano, jina la watu wa pwani. Utani wa makabila ni moto, ukiushika vibaya unaunguza. Nasi Wangoni tunaujua utani tangu kwa babu zetu. Siwezi kusema kwamba kila kichekesho cha mle kilikuwa cha adabu. Vingine vilikuwa vikali. Walakini watu waliendelea kuutazama pamoja.

Sasa nije kwenye lile linalonigusa zaidi. Bukeko alikuwa na jicho la kuona vipaji. Jacky Vike, aliyecheza Awinja, yule mtumishi wa nyumbani mwenye domo refu. Jacquey Nyaminde, aliyekuwa Wilbroda, mkewe Papa. Kenneth Gichoya, aliyeitwa Njoro. Felix Odiwuor, aliyeitwa Jalang'o: hao wote walipata jina katika mchezo huo. Jalang'o alikwenda kuwa mtangazaji wa redio, na mwaka 2022 wananchi wa Lang'ata, Nairobi, walimchagua kuwa mbunge wao. Si watayarishaji wengi wanaoweza kusema hivyo juu ya watu wao.

Lakini hakuna aliyeandaliwa kushika nafasi ya mwenye mchezo. Tazama "Vitimbi" ya shirika la utangazaji la Kenya, iliyoanza zamani za Sauti ya Kenya, kabla shirika halijaitwa KBC mwaka 1989. Ule ulikuwa mchezo wa kituo. Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang, aliufanya upendwe yeye na Mary Khavere, Mama Kayai. Hata hivyo watayarishaji walikuwa watumishi wa shirika, na mmoja akiondoka mwingine aliweza kushika faili. Kwetu Tanzania, kina Masanja, Joti na Mpoki walipohama kituo cha EATV kwenda TBC mwaka 2008 waliliacha jina la Ze Comedy, wakajulikana kwa Orijino Komedi. Kundi lilihama zima zima, likaendelea na kazi chini ya jina jingine. "Papa Shirandula" haukuwa na njia hizo. Jina lilikuwa lake, sura ilikuwa yake, mawazo yalitoka kichwani mwake. Ungemweka nani langoni?

Tarehe 18 Julai 2020, Charles Bukeko alifariki katika hospitali moja ya Nairobi kwa ugonjwa wa korona. Alikuwa na umri wa miaka 58, akaacha mjane na watoto. Siku mbili baadaye alizikwa kwao Busia na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, kama ilivyokuwa amri ya siku zile. Wenzake waliocheza naye miaka yote ile walilia mbele ya kamera zile zile. Mchezo haukuendelea tena. Lakini Wilbroda, Awinja, Njoro na Otoyo wamebaki na majina aliyowapa katika mchezo wake, na ukiwaita kwa majina yao ya kuzaliwa wengi hawatajua unamsema nani.