Mpira wa vakyumu ukipasuka

Pemba ina vilima vingi kuliko Unguja, na dereva wa Corolla ya zamani anayetoka Chake Chake kwenda Mkoani hugundua hilo kwa mguu wa kulia. Pedali ya breki ikiwa ngumu ghafla, huku injini ikinguruma na sailensi iko juu, watu hukimbilia kulaumu breki padi. Afadhali ufungue boneti kwanza usikilize. Ukisikia mfoko mwembamba wa hewa karibu na manifoldi, kuna mpira umepasuka.

Pistoni inaposhuka wakati kipepeo cha kabureta kimefungwa, hewa inayopenya ni kidogo, na presha ndani ya manifoldi hushuka hadi karibu theluthi moja ya presha ya nje. Utupu huo, yaani vakyumu, haufanyi kazi yoyote wenyewe. Inayofanya kazi ni hewa ya nje, inayokandamiza kila kitu kwa takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Katika miaka ya 1650, mjini Magdeburg, Otto von Guericke aliwafunga farasi 16 kwenye nusu mbili za tufe lililotolewa hewa ili wazitenganishe, na wakatoka jasho. Busta ya breki, iliyobuniwa na Mbelgiji Albert Dewandre mwaka 1927, inatumia nguvu hiyohiyo: kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 22 hupata msukumo wa kilo 250 hivi, bila kutumia umeme hata kidogo.

Mpira unaopeleka utupu huo kwenye busta huchakazwa na joto la injini na gesi ya ozoni iliyomo hewani, ambayo hupasua mpira uliovutwa, hasa kwenye kona na ncha. Chumvi ya bahari haina ugomvi na mpira. Ugomvi wake ni na klipu.

Kipuri kikiwa bado kinasubiri meli, fundi hupitisha mpira mwingine njia nyingine. Hapo ndipo makosa huanza. Mpira wa maji husukumwa kutoka ndani, lakini huu wa vakyumu hukandamizwa kutoka nje, kwa hiyo mpira laini wa dripu hunywea kama mrija wa juisi ulioshika tonge la embe, hasa ukishapata moto. Tafuta wenye ukuta mnene, uupitishe mbali na eksozi.

Kosa la pili ni tundu la kuchomekea. Kwenye injini nyingi za kabureta, mpira wa vakyumu wa distibuta hutoka juu ya kipepeo, mahali pasipo na utupu gari likiwa kwenye sailensi. Ukiuhamishia chini ya kipepeo, cheche hupiga mapema na sailensi hupanda. Fundi mwenye haraka huishusha kwa skrubu akadhani amemaliza! Mpira wa busta nao usiugawe kwa ajili ya kitu kingine, na vali yake ya njia moja isigeuzwe. Wenye Dyna za dizeli wana habari tofauti: injini yao kwa kawaida haina kipepeo cha kuzuia hewa, hivyo utupu hutengenezwa na pampu, mara nyingi iliyo nyuma ya oltaneta.

Kabla ya kuteremka mlima, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inapata utupu wake. Isiposhuka, gari halijapona.